Nani Alizibeba Zile Mbao?

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ni kweli sokoni, ni kweli kwenye kugawana samaki, na ni kweli zaidi kwenye mirathi. Lakini kwenye historia imetudhulumu sana. Leo nataka kuibishia, tena nitaibishia kwa kitu ambacho mtu wa kwetu hatarajiwi hata kukitaja: theluji, pamoja na ule mchezo wa kukimbia juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, ambazo wenyewe huziita skii.

Mimi ni mtu wa Mloka, wilaya ya Rufiji, jirani na lango la Mtemere la kuingilia hifadhini. Anayetoka Dar es Salaam hupita Kibiti, akaiacha lami, akala vumbi au tope kutegemea msimu, mpaka anatufikia. Barafu tunayoijua sisi ni ya aina mbili. Kuna ile ya ukwaju ndani ya kifuko cha nailoni, ambayo watoto wanainyonya wakitoka shule, na kuna ile ya mabonge ambayo wachuuzi wa samaki na kamba wanaishusha kule deltani ili mzigo usiwaozee. Theluji hatuna. Hata mto wetu hauna: Rufiji unakusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, na yote hayo ni maji ya mvua.

Sasa basi, nilipoandika hadithi yangu moja yenye theluji ndani yake na kuipeleka kwa mhariri fulani, ilinirudia na maneno matano yameandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Wewe umeiona wapi theluji, kijana?" Swali lenyewe si baya. Ndilo lililonipeleka kwenye vitabu, nami nikakuta kwamba swali hilo hilo liliwahi kuulizwa zamani, tena likaulizwa upande ambao mhariri wangu asingeudhania.

Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchaga pamoja na wapagazi na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri. Wakauona mlima. Juu yake Rebmann akaona weupe, akamuuliza kiongozi wake ule ni nini. Akajibiwa neno moja tu la Kiswahili: baridi. Hakuambiwa theluji wala barafu. Aliambiwa baridi. Wachaga wenyewe walikuwa na jina lao la kitu kile, Kibo, na ndilo jina ambalo kilele kile kinaitwa mpaka leo.

Tena Rebmann alisimuliwa huko Uchaga kwamba kabla yake Mangi Rengua wa Machame, baba yake Mamkinga, aliwahi kutuma kundi la watu wapande kwenda kuchunguza ule weupe ni kitu gani. Wengi hawakurudi. Aliyebakia alirudi mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Hebu fikiri hapo, msomaji. Huo ni utafiti. Mtawala kauliza swali, katuma watu, watu wamelipa kwa miili yao, na jibu likarudi nyumbani. Hayo yalifanyika kabla Mzungu yeyote hajaandika lolote juu ya theluji ya Kilimanjaro.

Taarifa ya Rebmann ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, bwana mmoja msomi wa London aitwaye William Desborough Cooley alikataa katakata. Huyu Cooley aliandika vitabu juu ya bara hili bila kufika huku. Kwake haikuwezekana theluji ikae karibu na ikweta. Mmisionari yule ameona vibaya, basi. Ubishi ukaendelea kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka Baron Karl Klaus von der Decken alipokwenda mwaka 1861, halafu akarudi mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakapanda hadi kama meta 4,200, na theluji ikawaangukia wao wenyewe kichwani.

Kwa hiyo mara ya kwanza swali la "umeiona wapi theluji" lilipoulizwa kwa kejeli, mwenye kejeli alikuwa mtu wa London ambaye kwao theluji inaanguka kila mwaka, na waliokuwa na jibu ni Wachaga na watu wa misafara ya pwani. Theluji haikuwa mali ya Ulaya peke yake. Wakonzo wa milima ya Rwenzori nao wana neno lao, nzururu, na humo ndimo limo jina Rwenzururu walilolipa vuguvugu lao walipojitangazia utawala wao mwaka 1962, utawala ambao serikali ya Uganda iliutambua mwaka 2009. Watu wamepigania nchi yao kwa jina la theluji! Na sisi tunaambiwa theluji ni habari za Kizungu.

Hata maneno yetu mawili yana safari yake. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, barf, na huko Uajemi maana yake ni theluji yenyewe. Maana yake wazee wa pwani walikuwa na biashara na watu walioijua theluji, wakapokea neno kabla ya kitu. Kiswahili hakikungojea kuona ili kiseme.

Sasa nije kwenye zile mbao.

Mwaka 1889, tarehe 6 Oktoba, Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni Kibo. Meyer alikuwa amejaribu mwaka 1887 akashindwa kwenye barafu, na mwaka 1888 hakufika hata mlimani kwa sababu pwani ilikuwa imewaka moto. Watu wa Abushiri walimkamata yeye na mwenzake Oscar Baumann, mpaka wakakombolewa kwa fedha. Alipofanikiwa akakiita kilele kile kwa jina la mfalme wa kwao, Kaiser Wilhelm. Aliyetajwa baadaye kuwa aliwaongoza ni Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu wakati huo. Jina lake lilikuja kuvuma dunia nzima wakati wa sherehe za miaka mia ya safari ile, mwaka 1989. Alifariki mwaka 1996. Miaka mia moja, msomaji! Mmoja jina lake liko kwenye vitabu tangu siku aliyoshuka, mwingine akangojea karne.

Mwaka 1912 wakaja Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König. Wao wakafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika katika mlima ule: walikuwa na skii, na waliposhuka kutoka kileleni waliteleza kwa skii juu ya theluji ya Kibo. Hiyo ndiyo skii ya kwanza inayojulikana Kilimanjaro. Zamani ile Kibo kilikuwa na theluji na barafu ya kutosha. Mwaka huo huo Fritz Klute na Eduard Oehler waliupima mlima na kuuchora, na kwa vipimo vyao barafu yote ilikuwa kama kilometa 12 za mraba.

Hapo ndipo nilipokwama mimi. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911. Baada ya Moshi hakuna reli. Kuna msitu, kuna nyasi, kuna mawe, kuna jangwa la baridi, halafu ndiyo barafu. Hakuna msafara wa Kizungu wa enzi zile uliokuwa ukipanda mlima bila wapagazi. Wakibeba mahema, wakibeba chakula, wakibeba maji. Mbao mbili ndefu kwa kila mtu, na fimbo zake, ni mzigo mbaya kuliko gunia, kwa sababu gunia linakaa kichwani, mbao zinakamata kila tawi la msituni. Je, nani alizibeba zile mbao? Alikuwa na viatu? Alipoambiwa "beba hizi" alidhani ni za nini? Na aliposimama chini akamwona mtu mzima akiteremka juu ya weupe kama mtumbwi uliokatika kamba, alicheka, au aliogopa?

Bonge moja la barafu kule juu limepewa jina la Furtwängler. Mpagazi hana hata jiwe.

Usije ukadhani nawaonea wivu Wazungu kwa kumbukumbu zao. La. Nataka tujifunze. Angalia Wanorwei, ambao mchezo huu wa skii za masafa marefu ni damu yao. Wana mashindano yanaitwa Birkebeinerrennet, yaliyoanza mwaka 1932. Yanaanzia mji wa Rena na kumalizikia Lillehammer, kilometa 54 za kuvuka mlima. Kila mshindani lazima abebe mgongoni mzigo usiopungua kilo 3.5. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1206, wakati wa vita vya kugombea ufalme, watu wawili waliokuwa mabingwa wa skii walimbeba mtoto mdogo Håkon, mrithi wa kiti, wakavuka naye mlima katikati ya baridi ili asiuawe. Mtoto yule akaja kuwa mfalme. Majina ya wale waliombeba yanajulikana mpaka leo: Torstein Skevla na Skjervald Skrukka. Miaka zaidi ya 800 imepita, na maelfu ya watu kila mwaka wanabeba mzigo kwa hiari yao ili kuwakumbuka wabeba mzigo wawili.

Waswidi nao wana Vasaloppet, kilometa 90 kutoka Sälen hadi Mora, tangu mwaka 1922, kumkumbuka Gustav Vasa aliyekimbia kwa skii miaka ya 1500 kabla hajawa mfalme. Yaani wenzetu historia wanaikimbia kwa miguu. Kwao mpagazi ana jina, ana njia, ana siku yake.

Kwetu sisi watu wa Rufiji habari ya wapagazi inauma zaidi. Miaka miwili tu baada ya zile skii za 1912, vita vya Wazungu vikaingia nchini. Meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ikajificha deltani kwetu, na tarehe 11 Julai 1915 ikapigwa na kumalizwa humo humo. Tarehe 4 Januari 1917, Mwingereza Frederick Courteney Selous akauawa kwa risasi Beho Beho, ndani ya pori lililoko ng'ambo yetu. Masika ya mwaka huo majeshi yalikwama Rufiji, na wapagazi Waafrika wa pande zote mbili wakafa kwa njaa, homa na kuhara, wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Selous ana kaburi lenye jina, na kuanzia mwaka 1922 pori lote likaitwa kwa jina lake. Wapagazi wamo humo humo ardhini, bila kibao. Babu mmoja wa hapa kijijini nilipomuuliza kama anajua habari zao alinitazama, akasema, "Mjukuu wangu, wewe unauliza majina? Wale walihesabiwa kwa mizigo."

Nimeliandika neno hilo kwenye daftari langu.

Ni kweli majina hubadilika. Kilele cha Kaiser Wilhelm kiliitwa Uhuru mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge huko juu. Sehemu kubwa ya pori la Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na bwawa lililojengwa penye korongo la Stiegler nalo linaitwa Julius Nyerere. Huyu Stiegler mwenyewe alikuwa Mzungu aliyeuawa na tembo mwaka 1907, korongo zima likaitwa kwa jina lake. Lakini barafu ya Furtwängler, naona, itayeyuka kabla hatujakaa kikao cha kuibadilisha jina.

Sisemi kwa utani. Zile kilometa 12 za mraba za mwaka 1912 zilibakia kama 6.7 mwaka 1953, kama 3.3 mwaka 1989, na mwaka 2011 hazikufika hata 2. Barafu ya Furtwängler peke yake ilikuwa na meta za mraba 113,000 mwaka 1976. Mwaka 2000 ilikuwa imebakia 60,000 hivi, na mwaka 2018 kama 11,000. Hilo ni eneo la kiwanja cha mpira na ziada kidogo. Mlima Kenya hali ni hiyo hiyo. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote kule, ilipoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Rwenzori, Mtawala wa Abruzzi alipopanda mwaka 1906, palikuwa na kama kilometa 7 za mraba za barafu. Miaka mia baadaye hazikuzidi 2. Shirika la UNESCO lilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu za mwisho za Afrika, Kilimanjaro na Mlima Kenya zikiwemo, zinatazamiwa kwisha ifikapo 2050.

Kwa hiyo kijana akiniuliza leo, "Ndugu mwandishi, mimi nataka kujaribu skii, niende wapi?" nitamjibu hivi. Kilimanjaro usiende kwa ajili hiyo. Alichoteleza Furtwängler hakipo tena. Nenda ukaone kilichobakia, wahi. Ukiwa na ndugu aliyekwenda kutafuta maisha Dubai, na siku hizi nani hana, kule kuna jumba la Ski Dubai, lilifunguliwa mwaka 2005 ndani ya duka kubwa, nje jangwa linachoma na ndani theluji ya mashine. Lesotho, kwenye milima ya Maluti, juu ya meta 3,000, kuna Afriski, ambako watu huteleza miezi ya Juni mpaka Agosti. Lakini kote huko ni skii za kuteremka: unapandishwa juu, unashuka kwa uzito wako, umemaliza. Skii za masafa ni kitu kingine kabisa. Ndizo mbio za nyika za theluji. Mlima unaupanda mwenyewe, tambarare unaikata mwenyewe. Kiatu kimeshikwa kwenye vidole tu, kisigino kinanyanyuka kama unavyotembea, mbao ni nyembamba na nyepesi, na chini yake unapaka nta. Ukikosea nta, theluji inagandamana chini ya mbao kama tope la mfinyanzi kwenye ndala. Mikononi una fimbo mbili za kujisukumia. Mtu wa Rufiji aliyezoea kusimama ndani ya mtumbwi na kusukuma kwa pondo, naamini hilo la fimbo na kusimama bila kuyumba asingefundishwa mara mbili. Kwa mchezo huo, njia zenyewe ziko Norwei, Swidi na Finilandi.

Na kwa kweli kuna mtu wa Afrika Mashariki aliyekwenda huko. Philip Kimely Boit, Mkenya wa Eldoret, mkimbiaji, mpwa wake yule Mike Boit aliyepata medali ya shaba ya mbio za meta 800 huko Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya viatu ya Nike ilimgharimia yeye na mwenzake Henry Bitok kwenda Finilandi kujifunza skii za masafa. Boit alikuwa hajawahi kuiona theluji kwa karibu. Ana mapafu ya nchi za juu, ana miguu, lakini mbao hazitaki mapafu peke yake, zinataka mizani.

Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, akasimama kwenye mstari wa kilometa 10, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki za majira ya baridi. Theluji siku ile ilikuwa imelowa, nzito. Akaanguka, akainuka. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, bingwa aliyemaliza maisha yake ya mashindano na medali 8 za dhahabu za Olimpiki. Alitumia dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alifika baada ya dakika 47 na sekunde 25.5, wa 92, wa mwisho kabisa.

Waandaaji walikuwa wanataka kuendelea na sherehe ya washindi. Dæhlie hakukubali. Akabakia pale pale kwenye mstari, kwenye baridi, anamngojea mtu wa mwisho, na Boit alipofika akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie. Akarudi tena kwenye Olimpiki za 2002 na za 2006. Baada yake njia ikapanuka: Muethiopia Robel Teklemariam alishindana kwenye skii za masafa huko Turin mwaka 2006, na mwaka 2018 Kenya ikapeleka binti, Sabrina Simader, kwenye skii za kuteremka. Tanzania, nchi yenye mlima mrefu kuliko yote Afrika, nchi ambayo mtu aliteleza kwa skii tangu 1912, haijapeleka mtu hata mmoja kwenye michezo hiyo.

Nimekaa sana na habari hii ya Nagano. Mwezi ule ule wa Februari 1998, huku kwetu mvua za Elninyo zilikuwa zimeufurisha mto. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mama anasimulia walivyohama na kuku, na walivyolala juu ya dungu shambani maji yakipita chini. Baadaye maji yakapungua, watu wakalima mlau kwenye udongo mpya, na mavuno yakaja. Watu wazima wa Mloka wanaukumbuka mwaka ule nyumba kwa nyumba. Lakini ukitafuta kitabu cha hadithi kilichoandika mafuriko yale kwa kinywa cha mwanamke aliyekuwa juu ya dungu, utatafuta sana. Mtu wa mwisho Nagano aliandikwa kwenye magazeti ya dunia nzima kwa sababu mmoja alisimama akamngojea. Wa kwetu hakuna aliyewangojea kwenye mstari.

Hapo ndipo ninapowageukia ninyi, vijana wenzangu mnaoshika kalamu. Tunapenda kuandika vitu vya mbali kwa sababu tunadhani vya mbali ndivyo vyenye heshima. Halafu wazee wetu wa fasihi wanatukataza, wanasema andika ulichokiona tu. Mimi nasema wote tunakosa nusu. Cooley alikuwa mtu wa kukaa kitini na kukataa ushahidi wa waliofika; ukiandika theluji kwa kukisia, bila kuuliza, bila kusoma, umekuwa Cooley mweusi. Lakini ukisema theluji si yetu, umewafuta watu wa Rengua na wapagazi wa Kibo, sijui idadi yao na wala haikuandikwa, maana walihesabiwa kwa mizigo. Waliona. Walishika. Waliganda vidole. Ushahidi wao ulikuwapo, aliyekosekana ni mwandishi.

Riwaya ninayoiandika sasa inamfuata mtu mmoja wa namna hiyo. Nimempa jina, nimempa mama, nimempa deni la kodi ya kichwa linalomsukuma kwenda kubeba mizigo. Yeye ni wa kubuni, sidai kwamba ndiye. Mwaka 1912 anabeba mbao mbili asizojua kazi yake. Mwaka 1917 yuko Rufiji, anabeba masanduku ya risasi kwenye tope la masika, na usiku anawasimulia wenzake wenye homa kwamba amewahi kusimama mahali penye baridi mpaka mate yanaganda, na amemwona mtu akiteleza juu ya weupe. Wenzake wanamwambia muongo. Sura hiyo nimeiandika mara nne. Bado.

Labda theluji itakwisha kabla sijapata nauli ya kwenda Moshi na ada ya kupanda. Hesabu ya miaka iko wazi, na hesabu ya mfuko wangu iko wazi zaidi. Lakini kazi nyingine haihitaji kupanda mlima. Wako wajukuu wa wapagazi Marangu, Machame, Moshi, Kibiti, Ikwiriri, Utete na hapa Mloka. Kila mmoja wenu anaye babu au bibi aliyesikia jambo kutoka kwa mtu aliyebeba. Nendeni na daftari kabla ya msiba, sio baada ya msiba. Ulizeni maswali madogo: alibeba nini, alilipwa nini, alikula nini, alirudi na nani. Andikeni jina kamili, la mtu na la baba yake na la kijiji.

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema. Sawa. Lakini wale walikuwapo.